Tume Ilikuja, Tukaandaa Meza

Beli Dryan, 14 Januari

Dada Zlatina,

Shikamoo. Usianze kunilaumu kwa kuchelewa, maana safari hii nina sababu: tulikuwa na wageni. Tena si wageni wa kupita njia. Watu watatu wa ofisi ya ustawi ya manispaa, tume kabisa, na mikoba yao. Wanamzungukia kila mtu mwenye msaidizi anayelipwa na manispaa, wanapima upya anahitaji kusaidiwa kwa saa ngapi kwa siku. Taarifa ilikuja wiki moja kabla. Velika wangu alipoisoma akavua koti, akashika ufagio, na hakuuweka chini mpaka siku yenyewe.

Laiti ungeiona nyumba! Madirisha yamefutwa kwa siki na gazeti, mapazia yamepigwa pasi, jiko la kuni limesuguliwa hadi ndani ya mlango. Alfajiri Velika akakanda unga wa banitsa, akaipanga tabaka kwa tabaka kwa jibini na mayai ya kuku wa jirani yetu Tota, nami niko kitini namwamuru: ongeza jibini, punguza mafuta, unataka kuiua serikali? Kisha akanivisha lile gauni la buluu, akanichana, akanipaka rangi ya mdomo, akanisogeza mezani kabla hawajabisha hodi.

Wakaja. Mkuu wao anaitwa Bi Yaneva, mtu wa makamo, viatu vimelowa theluji, ana heshima zake. Walikula, Dada! Karani wao mwenye ndevu aliongeza mara tatu. Bi Yaneva akauliza nani kapika. Nikasema, "Mimi." Uongo? Mikono ya Velika, akili yangu. Akauliza naendeleaje na kuoga, kuvaa, kwenda msalani. Nikasema, "Tunamshukuru Mungu, tunajimudu." Ulitaka niseme nini, na watu wana chakula mdomoni?

Waliondoka wanacheka, kila mmoja na chupa ya pilipili nyekundu za kusaga. Mambo yamekwenda vizuri mno.

Huu mwaka wa sita tangu nitoke huko Kituoni, na bado kila asubuhi nikisikia Velika anafungua mlango wa nyumba hii, nyumba ya mama yangu, nashukuru upya. Zile saa nane anazokaa nami kila siku ndizo zinazoniweka hapa. Wasalimie wote wa ukumbi wetu, mpishi mwache.

Mdogo wako,
Bistra

*

Kituoni, 23 Januari

Bistra mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimewasomea wenzetu kwenye chumba cha kulia, kama kawaida. Nilipofika kwenye banitsa watu walinyamaza kimya, kwa sababu mbele yetu ulikuwa ule mchuzi wa dengu unaoujua, ambao unaweza kusoma maandishi ya kwenye sahani chini yake. Mmoja akasema, "Endelea, labda tutashiba."

Unajua wanavyokuita hapa? Si Bistra. Wanakuita "yule aliyetoka". Mkurugenzi akianza hotuba yake kwamba watu wa hali yetu hawawezi kuishi majumbani, tunamtajia wewe tu, anabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo usituharibie.

Ila kuna neno limenikwama. "Tunajimudu." Wewe na nani? Nimelala chumba kimoja na wewe miaka kumi na mmoja. Misuli yako haikuruhusu hata kujigeuza kitandani. Ulikuwa ukiniita nikutupie mto mgongoni, na mimi sina miguu ya kunyanyuka, basi natupa, nakosa, tunacheka hadi tunafokewa. Hilo umemwambia huyo Bi Yaneva?

Niandikie walichoamua. Ningekupigia, lakini simu iko ofisini kwa mkurugenzi, na masikio yake pia.

Zlatina

*

Beli Dryan, 11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua fupi leo, mkono umechoka. Sisi wazima. Velika ana homa kidogo, kwa hiyo siku hizi anawahi kuondoka. Nakaa dirishani, natunga mafumbo ya maneno ya gazeti la wilaya, nahesabu kunguru. Nyumba inanuka kabichi chachu kila pembe, tulipata ajali ndogo na lile pipa, nitakusimulia siku nyingine utacheka.

Tume? Bado wanaandika andika. Usiwe na wasiwasi. Waambie wenzetu yule aliyetoka anawasalimu.

Bistra

*

Beli Dryan, 19 Februari

Bi Zlatina,

Hunijui ila kwa jina. Mimi ni Velika, msaidizi wa Bistra. Unisamehe mwandiko, sijaandika barua tangu marehemu mume wangu alipokuwa jeshini, na sasa naandika nimesimama hapa kwenye duka la mikate, karatasi iko juu ya gunia la unga. Bistra akijua atanifukuza, na akinifukuza sijui nani atamwinua.

Barua aliyokuandikia niliiona nikiipeleka posta. Sina homa. Sijaumwa hata siku moja. Tarehe nne ilikuja barua ya tume. Wameandika kwamba anapika mwenyewe, anajihudumia, nyumba ni safi sana, kwa hiyo zile saa nane wamezifanya mbili. Mbili, Bi Zlatina! Nafika saa tatu asubuhi, ikifika saa tano malipo yangu yameisha. Nami nina nyumba ya kulisha, ndiyo nikachukua kazi hapa mpaka jioni. Nikitoka napita kumlisha na kumlaza, hiyo siiti kazi. Lakini mchana wote yuko peke yake kwenye kiti. Hanywi maji, asije akahitaji msalani. Midomo imempasuka. Ukimuuliza anasema ni baridi.

Na lile pipa la kabichi halikuanguka lenyewe. Siku moja alasiri gogo lilisukuma mlango wa jiko, kaa likadondoka kwenye zulia. Simu ilikuwa imeshamponyoka chini. Alikaa pale anatazama zulia linashika moto kuja kwenye magurudumu yake, anapiga kelele peke yake. Tota alikuwa kwenye banda la kuku akasikia. Mwanamke wa miaka sabini, akaingia kwa dirisha la jikoni, na maji ya kwanza aliyoyaona ni ya pipa la kabichi. Akamwaga lote. Nilipofika nikamkuta Bistra ana majani ya kabichi mapajani, anamwambia Tota, "Umesahau bizari." Halafu akalia. Sijawahi kumwona akilia.

Ni mimi niliyesugua yale madirisha, Bi Zlatina. Ni mimi niliyepika. Nakosa usingizi kwa hilo.

Mwisho wa kukata rufaa ni tarehe sita Machi. Fomu nimemletea, hataki kutia sahihi. Anasema hawezi kuwaambia watu aliowalisha mezani kwake kwamba aliwadanganya, na hataki wamwone akibebwa. Mwambie wewe. Wewe anakusikia.

Velika

*

Kituoni, 23 Februari

Bistra,

Sikusalimii. Velika kaniandikia, na ole wako umfokee. Ukimfukuza nitakuja huko kwa kutambaa nikuzabe makofi.

Homa! Kabichi! Na mimi mjinga nimewasomea watu uongo wako kwa sauti, wakacheka.

Nakujua, wewe mwanamke. Unataka kufa na tai shingoni. Tumelelewa hivyo sote: mtu akivuka kizingiti, unaficha kidonda, unatoa jamu. Lakini Bi Yaneva hakuja kula. Alikuja kuona nini huwezi, ukamwonyesha kile anachoweza Velika. Akaandika nguvu za Velika kwenye faili lako, kisha akamwondoa Velika. Sasa umebaki na faili.

Unaona haya kubebwa mbele yao? Mimi nimekuona ukibebwa humu miaka kumi na mmoja, na watu wasiojua jina lako, kwa saa waliyotaka wao, mlango wazi, wapita njia wanaona. Ulikuwa unafumba macho. Huku ndiko utakakorudi, ukikataa macho ya watu watatu kwa asubuhi moja. Maana mtu wa saa mbili akikutwa kaungua, au kakauka kwa kiu, hawataandika "mwongezeeni saa". Wataandika "mpelekeni Kituoni".

Tia sahihi. Na wakija, usifagie. Usipike. Usivae. Najua nakuomba jambo gumu kuliko kutembea, ila nakuomba.

Dada yako, mwenye hasira,
Zlatina

*

Beli Dryan, 1 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama husalimii.

Siku mbili sikusema na Velika. Yeye naye akawa ananivisha kimya kimya, ananikaza vifungo kama ananiadhibu. Siku ya tatu nikamwambia lete hiyo fomu. Nimetia sahihi. Sahihi imekuwa kama nyayo za kuku. Nikataka fomu nyingine. Velika akasema, "Iache hivyo hivyo. Hiyo ndiyo kweli."

Basi nikakaa nikawaza: kama mimi nimefanya hivi, mwingine je? Nikampigia Gencho, yule aliyekuwa tarishi wa posta kabla hajakatwa miguu. Nikamuuliza, "Wamekuachia ngapi?" Akasema, "Moja. Nilikuwa na sita." "Ilikuwaje?" Akasema, "Niliwapokea mlangoni nimesimama." Dada, ana miguu ya bandia ambayo tangu apewe iko kabatini, inamchuna! Akaivaa, akasimama robo saa, akawamiminia pombe ya rakia, akawasindikiza hadi getini. Walipokata kona akaanguka, na usiku ule shuka zake zilijaa damu.

Nikampigia Radka, mama yake Kosta. Kosta ni mtu mzima wa miaka thelathini, hawezi kuachwa peke yake hata unapochemsha chai, atatoka barabarani. Radka alifanya nini? Alimpeleka kwa shangazi yake siku hiyo, asije akawasumbua wageni. Tume ikampima mtu ambaye hayupo! Wameandika: "Hakuna usumbufu ulioonekana." Nilicheka mpaka shingo ikanilegea na kichwa kikanianguka kifuani, nikasubiri Velika aje akiinue.

Tuko tisa, Dada. Nyumba tisa, zote ziling'aa. Yule karani mwenye ndevu sijui alikula banitsa ngapi mwezi ule.

Na Gencho, ambaye bado anajua kila kinachopita manispaa, anasema baraza lao linakutana mwisho wa mwezi. Kwa kuwa tume imeona tunajimudu, fungu la wasaidizi wanataka kulipunguza, fedha ziende kutengeneza uwanja wa mji. Likishapunguzwa halirudi. Kwa hiyo rufaa zote tisa tumezipeleka pamoja, Gencho kazibeba mwenyewe mapajani, kwenye kiti chake, bila miguu.

Nimekufungia uzi mwekundu na mweupe wa Machi, wa kukutakia afya. Uvae. Na usalimie, basi.

Bistra

*

Beli Dryan, 28 Machi

Dada Zlatina,

Shikamoo. Walikuja Jumanne ya juzi. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikaona ningoje baraza, nisije nikakusimulia nusu.

Nilikuwa kitandani, na nguo ya kulalia, nywele timtim. Mezani hakuna kitu. Velika alitaka angalau asuuze vikombe, nikamfokea. Bi Yaneva akasimama mlangoni, wenzake nyuma yake, na mimi nimelala kama mzigo mbele ya watu katika nyumba ya mama yangu. Uso uliniwaka moto. Nilikaribia kusema, "Velika, washa jiko, weka kahawa." Niliuma ulimi. Nikawaambia, "Karibuni. Leo sina cha kuwapa. Kaeni muone."

Wakaona yote. Velika kunigeuza, kunivua, kunisafisha, kunibeba msalani, kunirudisha, kunivika, kunikalisha, kunifunga mkanda wa kifua. Saa nzima na robo. Karani akataka kutoka nje kwa adabu. Nikamwambia, "Kwenye banitsa ulikaa, na hapa kaa." Akakaa, masikio mekundu. Velika alipomaliza alikuwa anahema, akajifuta jasho kwa kiwiko, na nikamwona, Dada, kama simjui. Miaka sita ananibeba, na siku ile ndiyo nilimtazama mtu anayenibeba.

Bi Yaneva aliacha kuandika. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia Januari?" Nikasema, "Mlikuwa wageni wangu." Akasema, "Mama yangu angefanya hivyo hivyo. Nami nilipaswa kujua. Nilikula, nikaandika nilichokula."

Jana baraza likakutana. Velika alinisukuma hadi ukumbini. Gencho safu ya mbele, suruali imekunjwa chini ya mapaja. Radka alikuja na Kosta, na Kosta, Mungu ambariki, alizima taa za ukumbi mara nne wakati wa hotuba. Mara ya nne meya akasema, "Nimeelewa." Bi Yaneva akasimama, akasoma majina yetu tisa, akasema ripoti zake za Januari anaziondoa, na kwamba kosa ni lake, si letu. Mimi nilipewa dakika mbili. Nilisema nililoliogopa maisha yangu yote, kwamba siwezi, na nikalitaja moja moja.

Wamepiga kura. Fungu halikupunguzwa. Uwanja wa mji utabaki na mashimo yake. Velika anarudi kwa saa zake zote nane kuanzia tarehe moja Aprili, Gencho sita, Kosta ameongezewa. Velika ameshaaga dukani, kaja na mkate wa kwaheri mkubwa kama mto wa kulalia.

Asante, Dada. Nimeshukuru wengi wiki hii, Tota nimemnunulia kabichi pipa zima, lakini wewe nakushukuru kwa lile la kutonisalimia.

Bistra

*

Kituoni, 6 Aprili

Bistra wangu,

Marahaba, mara tatu, zile mbili ni za deni.

Nimesoma barua yako chumba cha kulia na watu wamegonga vijiko mezani mpaka mpishi akatoka nje akidhani tunamdai. Wanataka niwasomee tena pale pa taa. Nashukuru, mdogo wangu. Nashukuru kwa Velika, kwa Tota, kwa huyo Gencho nisiyemjua, hata kwa karani mwenye ndevu.

Lakini kuna jambo siwezi kukaa nalo.

Siku moja kabla barua ya Velika haijafika, waliingiza kitanda chumbani kwangu, pale pale palipokuwa pako, wakatandika shuka, wakabandika jina lako kwenye chuma. Mkurugenzi akasema ofisi yenu imeulizia nafasi. "Rafiki yako anarudi," akasema.

Nilifurahi, Bistra. Siku nzima. Niliazima karata. Nilihesabu mito. Nilitazama kile kitanda nikacheka peke yangu kama kichaa, sikuuliza umepatwa na nini hata unarudi. Kesho yake ikafika barua ya Velika kuhusu zulia na kiu, ndipo nikajua nilichokuwa nakishangilia. Hasira yote ile niliyokumwagia, nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe.

Kitanda wamekiondoa juzi. Chumba kimekuwa kikubwa sana. Nisamehe.

Zlatina

*

Beli Dryan, 12 Aprili

Dada Zlatina,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa peke yangu kwa hiari yangu, maana nilimtuma Velika sokoni bila sababu.

Unaniomba msamaha kwa kufurahi. Nilipoletwa huko Kituoni nilikuwa na miaka thelathini. Mama alilia, dereva alikuwa na haraka, muuguzi akauliza kwa nini nimekuja na vitabu vingi. Wewe ndiye uliyesema, "Wee, afadhali, nilikuwa nimechoka kuongea na ukuta." Mtu kunifurahia siku nzima kwa kuwa nakuja tu, hilo silisamehe, Dada. Hilo nalichukua, nalishukuru, liwe langu.

Ila nami nina langu. Miaka sita nimekuandikia habari za nyumba hii, mapazia, kuku, na sikukuambia hata mara moja, njoo. Niliogopa. Niliona ofisi ikikuta wawili chini ya dari moja itagawa zile saa nane nne nne, na nitalala na kiu. Nikazikumbatia, nikakuacha huko, nikawa nakuandikia vizuri. Nawe ukawa unawasomea watu.

Jana nilimpigia Bi Yaneva nikamuuliza. Anasema kila mtu ana saa zake, hazigawanywi. Lilikuwa swali la dakika moja, Dada, na nimekaa nalo miaka sita.

Chumba cha mama, cha upande wa bustani, kiko tupu. Tota kashaanza kuulizia nani atakuwa msaidizi wako, ana mpwa wake. Fomu ya maombi iko ndani ya bahasha hii. Nimeijaza mimi, Velika ndiye aliyeandika. Hatukupamba: hawezi kusimama, hawezi kujiogesha, hawezi kufika dirishani, anakoroma. Velika anasema hilo la mwisho si la fomu. Nimeliacha.

Imebaki sahihi yako. Mkabidhi mkurugenzi mkononi, chumba cha kulia, mbele ya watu wote na vijiko vyao.

Halafu usinijibu. Sitaki barua yako tena, Dada. Nakutaka wewe.

Bistra